Kashata Hajarudi Kutoka Korogwe

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa juu ya paa la banda langu la njiwa, nimevaa lile koti jeupe la kunyolea watu, na bati la banda linalalamika kwamba nimenenepa.

"Shuka," likaniambia. "Mimi niliwekwa hapa kwa ajili ya njiwa."

Nikaliomba livumilie kidogo, kuna mtu namsubiri. Likauliza ni nani. Nikasema ni Kashata. Bati likaacha kulalamika, maana habari ya Kashata ilikuwa imeshafika hata kwenye mabati.

Wewe usiyemjua nitakueleza. Mimi naitwa Mhina, kinyozi wa Ngamiani, hapa Tanga, na ukininyang'anya mkasi na mashine ya kunyolea, kitakachobaki kwangu ni njiwa tu. Wala si njiwa wa supu. Ni njiwa wa mashindano, wale wanaopakiwa kwenye matenga, wakapelekwa mbali kwa gari, wakaachiwa wote pamoja, na atakayetangulia kufika bandani kwao ndiye bingwa. Kashata ni jike langu lenye madoa ya kahawia, mfano wa kashata ya karanga. Siku aliyoanguliwa, mama yake alipigwa na kipanga hewani. Mke wangu, mama Nasra, ndiye aliyemlea, akimtafunia mtama na kumlisha mdomo kwa mdomo, mpaka majirani wakaanza kuuliza kama kweli ana akili timamu.

Jumapili Kashata aliachiwa Korogwe pamoja na njiwa wa chama chetu chote. Wenzake walifika kabla ya adhuhuri. Yeye hakufika. Jumatatu hakufika, na jana, Jumanne, nikamwambia mke wangu kwa hasira kwamba vipanga wamenishinda. Kashata asipoonekana, banda nalivunja na hao waliobaki nawagawa kwa anayetaka.

"Livunje," akasema mama Nasra. "Nitapata pa kuanika nguo."

Kisha akaingia jikoni akakaa huko muda mrefu, na hapakuwa na kitu motoni. Nikaenda kulala na roho nzito. Ndiyo maana nilijikuta juu ya bati.

Sasa, kwenye bati lile nimechora macho mawili makubwa, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Ni jirani yangu Shekue aliyenifundisha, mfuga njiwa wa siku nyingi ambaye hajawahi kukosea mbele ya watu. Alisema kipanga akijua anatazamwa, haji. Katika ndoto macho yale yako wazi kweli kweli, tena yanatokwa na machozi.

"Mnalia nini?" nikayauliza.

"Hatulii," likajibu la kushoto. "Hukutuchorea kope. Tangu ulipotuchora hatujafumba."

Nikayaomba radhi, nikasema rangi ikipatikana nitarekebisha. "Lakini kipanga mnamwona?"

"Tunamwona kila anapokuja," likasema la kulia. "Anatokea upande wa reli. Tunamsalimia."

"Mnamsalimia?"

"Na anaitikia vizuri. Ni ndege mwenye adabu zake."

"Kazi yenu ni kumtisha!"

Macho yakatazamana, jambo ambalo si rahisi kwa macho yaliyochorwa kwenye bati moja. "Wewe uliambiwa akitazamwa haji," likasema la kushoto. "Sisi tunamtazama. Habari ya kutisha hatukuambiwa. Kama ulitaka kitu cha kutisha, ungetuchorea na meno."

 Nikayauliza kwa unyonge, kama anatazamwa na bado anakuja, anafuata nini na anajuaje wakati wa kuja?

"Sisi tunajua anapotokea," yakasema. "Habari za wakati muulize saa."

Nikashuka ngazi ya banda. Ngazi yenyewe ni fupi, mtoto huiruka, lakini katika ndoto niliishuka mpaka magoti yakauma, na nilipofika chini nilikuwa stoo, mbele ya gunia la mtama.

Saa ilikuwa ndani ya gunia. Niliificha mwenyewe, na katika ndoto niliona ni jambo la busara kabisa. Shekue alinifundisha pia kwamba usirushe njiwa saa ile ile kila siku, kwani kipanga akishaikariri saa yako, umekwisha. Basi nilikuwa nimekusanya saa zote za nyumbani na ile ya kinyozini, nikazifukia kwenye mtama ili kipanga asizisome.

Nikaligonga gunia. "Hodi."

"Nenda zako," ikasema saa ya ukutani. "Niko mafichoni."

"Ni mimi, Mhina. Ni saa ngapi?"

"Siwezi kusema. Ukiijua wewe, na kipanga ataijua."

"Mbona anaijua hata sasa? Nabadilisha kila siku. Leo alfajiri, kesho alasiri, keshokutwa mchana wa jua kali. Yeye yumo tu."

Saa ikacheka mpaka mtama ukamwagika sakafuni. "Yule hajanitazama mimi hata siku moja," ikasema. "Yule anangoja kopo."

Kopo hilo ni la maziwa ya unga. Nimelitia mtama mkavu hadi nusu, na nikilitikisa huku nalipiga kwa kijiti, njiwa wanajua chakula kiko tayari na wanashuka bandani. Kila mfuga njiwa wa mtaani kwetu ana kopo lake na mdundo wake, na njiwa wa mtu hamfuati mwingine. Mdundo wangu una mwendo wa ngoma ya harusi. Nauonea fahari, siwezi kuficha. Saa za kurusha nabadilisha kama nilivyofundishwa, lakini sijawahi kurusha njiwa nisipige kopo.

"Kopo linamhusu nini kipanga?" nikauliza.

Saa ikajifukia zaidi. Nikapanua mdomo wa gunia niitoe, nao ukawa mlango wa kinyozini kwangu, nami nimesimama kizingitini na mkasi mkononi.

Kwenye kiti cha wateja amekaa kipanga. Ni mkubwa kuliko nilivyomdhania. Amejifunga kitambaa cha kunyolea shingoni na kucha zake amezipanga vizuri juu ya kikanyagio.

"Asalaam aleikum," ananiambia.

Naitikia, maana salamu haikataliwi. "Unanyoa?"

"Hapana. Nimekuja kula."

"Hapa ni kwa kinyozi."

"Najua ni kwako. Kopo umeshapiga?"

"Sijapiga."

"Basi nitangoja," anasema, na anajitazama kwenye kioo.

Hasira zikanipanda. Nikamwambia yeye ni mwizi na muuaji. Nikamtajia kila njiwa wangu aliyempiga, nikamalizia na mama yake Kashata. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo liliniudhi zaidi.

"Bwana Mhina," akasema, "mimi sijawahi kuja kwako bila kuitwa. Unapiga kopo, nakuja. Nikifika nakuta chakula kimeshatengwa hewani, kinazunguka. Nakula nachukua njia yangu. Kuna zile siku ulikwenda msibani Pangani, kopo likawa kimya. Mimi nilikuja?"

Nikafikiri. Ni kweli, siku zile za msiba Nasra aliwafungulia njiwa bila kupiga kitu, na hatukupoteza hata mmoja. Mimi nilidhani ni baraka za marehemu.

"Lakini nilikuwa nawaita njiwa!" nikasema.

"Kopo halikutaja jina la mtu," akajibu kipanga. "Nilisikia wito, nikaja. Na mgeni hafukuzwi."

Akanyoosha miguu. Nami nilisimama pale na mkasi wangu, nimeshindwa, kwa sababu kwetu kweli mgeni hafukuzwi. Ukishamwita mtu chakulani, hata kama ni adui, unamnawisha mikono. Niliangalia kama kuna birika karibu.

Hapo mama Nasra akatoka ndani ya kioo, amejifunga kanga kiunoni, jembe begani. Hakunisalimia.

"Baba Nasra, huyu mgeni amekuja lini?"

"Tangu kiangazi cha mwaka juzi."

"Mgeni siku mbili. Siku ya tatu?"

"Mpe jembe," nikasema.

"Sasa wewe unatafuta birika la nini?"

Akampa kipanga jembe. Nilitegemea apige kelele au aruke dirishani, lakini alivua kitambaa cha shingoni, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kiti. "Mama yangu aliniambia siku hii itafika," akasema. "Shamba liko wapi?"

Sakafu ya kinyozini ikawa shamba. Ulikuwa udongo mwekundu, na pande zote michungwa imebeba, nikajua tumefika Muheza. Kipanga akaanza kulima. Tangu nizaliwe sijaona mkulima mbaya kama yule. Akishika jembe kwa mguu mmoja, anaanguka. Akilishika kwa miwili, anakaa kitako. Akipiga mbawa ili asimame, vumbi linamjaa machoni. Mama Nasra alimsimamia, mkono kiunoni.

"Kaza mgongo!"

"Mama, mimi sina mgongo wa kazi hii."

"Na wanaolima wote waliambiwa wanao? Lima."

Mimi nilitazama juu. Mbingu ilikuwa tupu, kutoka Usambara mpaka baharini, hakuna bawa moja la kutisha. Nilifurahi nikataka kulia. Nikasema huu ndio wakati, Kashata apite sasa hivi, na mkono wangu wa kulia ukainuka wenyewe. Ulikuwa umeshika kopo.

Ulipiga pigo moja tu. Kipanga akainua kichwa haraka.

"Chakula tayari?"

"Bado!" akasema mama Nasra. "Lima!" Na mimi akanitazama jicho ambalo nalijua tangu tuoane.

Nikaondoka pale kwa aibu, nikaingia kati ya michungwa. Chini ya mti mmoja alikuwa amekaa Kashata, amekunja mbawa, amejiinamia.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba, mwanangu."  "Mbona hukurudi?"

"Nilirudi. Jumapili hiyo hiyo nilifika mpaka juu ya reli ya Ngamiani. Nikaliona banda. Nikalisikia kopo lako, na nikamwona kipanga naye amelisikia. Ikabidi nigeuke."

"Ulinisikia?"

"Ulikuwa unapiga vizuri sana."

Jamani, hapo moyo wangu ulipasuka. Kwa sababu Jumapili ile, wenzake walipofika na yeye hayupo, mimi nilisimama uani nikapiga kopo mchana kutwa. Mkono ulivimba. Nilisema atasikia, atajua tunamngoja.

"Nilipiga mpaka magharibi," nikamwambia.

"Najua. Na yeye alikaa mpaka magharibi."

 Kule shambani tulimsikia kipanga akiuliza kama kuna maji ya kunywa, na mama Nasra akimwambia amalize tuta kwanza.

"Haya, sasa njoo," nikasema. "Anga liko wazi. Yeye analima."

Kashata akatazama upande wa shamba kwa muda. "Jembe, baba, huwekwa chini," akasema. "Mimi nitakwenda kwa miguu. Kipanga wetu ana madaha. Kitu kinachotembea hakili."

"Kwa miguu mpaka Tanga? Utafika lini?"

"Nimeanza tangu juzi. Hapa nilipumzika tu."

Akasimama, akajikung'uta, akashika njia ya kando ya reli. Alitembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni na hataki kuchelewa. Nikamfuata, nikamwambia nitatangulia nyumbani nimpigie kopo, afuate mlio asipotee. Akasimama. Akanigeuzia lile jicho lake la rangi ya chungwa.

"Baba, mimi nilipotea lini?"

 Njiwa wa mashindano haulizwi kama anajua kwao.

"Wewe kaa kimya tu," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole. "Nikifika nitapiga hodi, kama mama alivyonifundisha. Mara tatu. Mkinyamaza mpaka ya tatu nitajua nyumba haina watu, nami nitaondoka."

"Tutakuwepo!"

"Basi msipige kopo."

Akaenda. Nami nasimama kwenye mataruma ya reli nikimwona anavyokuwa mdogo, na mikono yangu inaanza. Kopo nimelitupa, lakini vidole vinapiga paja. Naviambia viache. Vinasema vimezoea. Naviweka kwapani, vinapiga mbavu. Kule nyuma jembe limenyamaza, na nasikia sauti ya kipanga ikiuliza, kwa adabu kabisa, "Ni mimi naitwa?"

"Baba Nasra! Baba Nasra! Unapiga ukuta."

Nikafumbua macho. Kulikuwa kumekucha. Mama Nasra amenishika kifundo cha mkono, na vidole vyangu bado vinadunda.

"Amka ukapige kopo," akaniambia. "Pengine leo atasikia." Alilisema bila kunitazama, na nikajua hajalala.

Nikatoka uani. Kopo lilikuwa kwenye msumari wake. Nikalitoa, nikainua uso, na kwenye nguzo ya umeme karibu na reli kipanga alikuwa amekaa. Sijui alikuja saa ngapi. Miaka yote nilidhani akikaa pale huwa analitazama banda. Leo nilimwangalia vizuri. Banda hakulitazama, wala anga. Nililipeleka kopo kulia taratibu bila kulitikisa, kichwa chake kikaenda kulia. Nikalipeleka kushoto, kikaenda kushoto.

Nikaliweka chini, nikalifunika kwa beseni.

"Mbona kimya?" akauliza mama Nasra kutoka jikoni.

"Leo hakuna kopo."

"Na Kashata atajuaje?"

"Anajua. Njoo tukae."

Alikuja na mwiko mkononi, akaniangalia kama anayetafuta homa usoni kwangu, kisha akaniwekea kigoda na yeye akakaa juu ya kinu. Tulikaa. Nawaambieni kweli, kunyoa kichwa cha mtoto anayelia ni kazi rahisi kuliko kukaa pale. Kila dakika moyo uliniambia, mpigie mara moja tu, mara moja haiui. Niliikalia mikono yangu. Njiwa bandani walilalamika wanataka kutoka, sikuwafungulia. Kipanga alingoja. Akajikuna. Akangoja tena. Mwishowe akajikung'uta manyoya kama mtu aliyealikwa karamuni akakuta mlango umefungwa, akaruka kwenda zake upande wa bandari.

"Ameondoka," akanong'ona mama Nasra. "Sijawahi kumwona anaondoka mtupu."

Hapo mlango wa mbele ukagongwa. Ko.

"Kuna mtu," akasema.

"Watoto hao wanarusha mawe," nikasema, maana mlio wenyewe ulikuwa mdogo, tena ulitoka chini kabisa ya mlango.

Ukagongwa tena. Ko.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nilipindua kigoda, nikagonga goti kwenye kinu, nikakimbia ukumbini nikipiga kelele, "Karibu! Karibu! Tupo! Karibu!" mpaka Shekue huko kwake akauliza kuna nini. Nikafungua mlango. Barazani hakukuwa na mtu. Nikatazama chini.

Kashata alikuwa kizingitini, amekonda, shingo ameirudisha nyuma tayari kwa pigo la tatu.

Mama Nasra alipiga magoti, akamkumbatia kifuani na kulia waziwazi, bila kujali mlango uko wazi na watu wanapita. Mimi nililia pia. Nilimwambia banda halivunjwi, na nguo ataanika anapoanika siku zote. Akasema nani alitaka pa kuanika nguo, mwanamume mjinga wewe.

Kisha akamgeuza Kashata amtazame kama ana jeraha. Hakuwa nalo. Mbawa zilikuwa safi, hakuna unyoya uliokaa vibaya. Lakini kucha zilikuwa zimelika, na miguu yote miwili, hadi magotini, ilikuwa imeganda tope jekundu. Mtaa wetu ni mchanga mweupe mtupu. Mama Nasra akaleta bakuli la maji, akamsimamisha ndani, akaanza kumwosha kwa vidole. Maji yakawa mekundu. Akayamwaga, akatia mengine, nayo yakawa mekundu.

"Baba Nasra," akasema polepole, "njiwa gani huyu anayetoka Korogwe kwa miguu?"

"Wa kwetu," nikasema. Nikaenda stoo kumchotea mtama kwa kiganja, taratibu, ili usitoe mlio.